Namna ya Kumwandikia Buriani Msanii Uliyemjua kwa Kazi Zake

Habari za kifo cha mwigizaji mashuhuri zikitangazwa, mashabiki wake hutamani kusema neno papo hapo, na haraka hiyo ndiyo inayozaa buriani nyingi zinazofanana: picha, tarehe mbili, na sentensi ya kwamba pengo lake halitazibika. Msanii aliyefanya kazi kwa miaka arobaini au hamsini anastahili zaidi ya hayo, na shabiki anao uwezo wa kumpa. Familia inamjua mtu wao. Shabiki anazijua kazi, tena pengine anazijua kwa undani ambao hata jamaa wa marehemu hawakuufikia, kwa kuwa ameitazama filamu ileile mara nyingi, katika umri tofauti na katika hali tofauti za maisha. Mwongozo huu umesimama hapo: andika unachokijua, na usichokijua waachie wenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba ni kweli

Uvumi wa vifo vya wasanii ni wa zamani kuliko intaneti. Mwaka 1982 jarida moja la Marekani lilimtaja mwigizaji Abe Vigoda kuwa ni marehemu. Yeye akapigwa picha akiwa ameketi ndani ya jeneza, jarida hilo mkononi, na akaishi hadi Januari 2016, alipofariki akiwa na miaka 94. Si kila familia hupata nafasi ya kulichukulia jambo hilo kwa ucheshi. Tarehe 2 Oktoba 2017 vyombo vya habari vilitangaza kifo cha mwanamuziki Tom Petty angali hai hospitalini, naye akafariki usiku wa siku hiyohiyo. Januari 2021 taarifa ya kifo cha mwigizaji Tanya Roberts ilitolewa na msemaji wake mwenyewe, kisha siku iliyofuata ikabainika kwamba alikuwa bado anapumua. Alifariki usiku wa tarehe 4 mwezi huo. Mfikirie jamaa aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa huku simu yake ikijaa rambirambi.

Kwa hiyo tafuta tamko la familia au la wakala wa msanii, kisha angalia kama vyombo viwili au vitatu vinavyofanya uchunguzi wao vimeithibitisha habari hiyo. Vyombo kumi vinavyonukuu chanzo kimoja ni chanzo kimoja tu. Tazama pia tarehe ya habari yenyewe, maana tangazo la kifo cha miaka mingi iliyopita linaweza kuibuka tena na watu wakaanza kulia upya kana kwamba ni la leo. Kusubiri saa chache hakumpunguzii marehemu heshima hata kidogo.

Chanzo cha kifo kinahitaji subira kubwa zaidi. Mwigizaji Gene Hackman na mkewe, Betsy Arakawa, walikutwa wamefariki nyumbani kwao katika jimbo la New Mexico tarehe 26 Februari 2025, na dhana za kila namna zikasambaa kwa siku kadhaa. Tarehe 7 Machi wachunguzi walieleza kwamba mke ndiye aliyetangulia, kwa maradhi yanayoletwa na virusi vya hanta, vinavyoenezwa na panya, na kwamba Hackman alifariki siku kadhaa baadaye kwa ugonjwa wa moyo, huku ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, ukichangia. Hata walioandika kwamba alifariki tarehe 26 Februari walikosea, kwa sababu hiyo ilikuwa siku ya kupatikana kwa miili. Yeye alikuwa amefariki takriban wiki moja kabla yake. Mwigizaji Chadwick Boseman naye aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akaendelea kuigiza bila kuutangazia umma, akafariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Miezi michache kabla ya hapo wapo walioona jinsi alivyokonda wakaandika hadharani maneno juu ya mwili wake. Mwili wa msanii hauwi mali ya mashabiki kwa sababu tu wamezoea kuutazama.

Pale ambapo marehemu amejiua, Shirika la Afya Duniani huwashauri wanahabari wasieleze njia iliyotumika, wasikionyeshe kifo kuwa suluhisho la matatizo, na wawaelekeze wasomaji mahali pa kupata msaada. Shabiki naye aufuate ushauri huo. Usiandike kwamba marehemu sasa amekuwa huru, hata kama nia yako ni njema, kwa sababu huenda anayekusoma anapita katika giza lilelile.

Rudi kwenye kazi

Hapa ndipo penye uzito wa buriani, na hapa ndipo panapostahili sehemu kubwa ya muda wako. Chagua kazi moja, au hata onyesho moja, ulitazame upya kabla ya kuandika, kwa sababu kumbukumbu hupotosha: maneno ambayo una yakini kwamba aliyasema mhusika fulani huenda yalisemwa na mwingine, au hayakusemwa kabisa. Zima sauti kwa dakika chache uone mwili unafanya nini: namna anavyoingia chumbani, mahali anapoweka mikono asipokuwa na la kusema, jinsi anavyomtazama mwenzake anayezungumza. Kisha fumba macho uisikilize sauti peke yake, uone ni wapi anapovuta pumzi na ni neno gani analolikawiza. Sehemu kubwa ya uigizaji bora imo katika kusikiliza, na shabiki anayeweza kueleza kwamba uso wa mwigizaji ulibadilika kabla mwenzake hajamaliza sentensi amewapa wasomaji kitu cha kwenda kukitafuta wao wenyewe. Aliyeandika kwamba marehemu alikuwa na kipaji kikubwa ameandika jambo linaloweza kubandikwa kwa yeyote.

Mchukue James Earl Jones, aliyefariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Ni rahisi kumwandikia mistari miwili kwamba alikuwa sauti ya Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars, na ya Mufasa, simba mfalme katika katuni ya The Lion King, ukaishia hapo. Lakini anayeisikiliza sauti ile kwa makini atataka kujua kwamba mwenyewe alikuwa na kigugumizi utotoni, akakaa takriban miaka minane akizungumza kwa nadra sana, mpaka mwalimu wake alipomsaidia kwa kumsomesha shairi mbele ya darasa. Ukishalijua hilo, unasikia kwa namna nyingine jinsi anavyolipa kila neno nafasi yake bila kulikimbiza. Historia ya maisha inaingia katika buriani kwa njia hiyo, pale inapokufungua masikio kwa kazi uliyoipenda. Na haki inataka useme pia kwamba mwili uliovaa vazi la Darth Vader ulikuwa wa David Prowse, aliyefariki mwaka 2020, na kwamba katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, jina la Jones halikuorodheshwa, kwa matakwa yake mwenyewe.

Tuzo na miaka viandike kwa uangalifu. Mwaka wa filamu na mwaka wa tuzo aghalabu hutofautiana: Sidney Poitier alikabidhiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1964 kwa filamu ya mwaka 1963, na ni rahisi sana kuichanganya miaka hiyo. Wewe mwenyewe unaweza kuonekana katika maandishi yako, kwa sentensi mbili au tatu, ukieleza ulikuwa nani ulipoiona kazi hiyo na ilikuachia nini. Ukizidi hapo, msiba unageuka kuwa wako.

Naomba hasa wasisahauliwe wasanii wadogo. Yupo mwigizaji aliyeonekana kwa dakika kumi katika filamu nyingi, yupo aliyeruka kutoka ghorofani kwa niaba ya nyota, yupo aliyetia sauti katika katuni na uso wake haukujulikana kamwe. Kipindi cha kuwakumbuka marehemu katika hafla ya Oscar hakiwezi kuwaenea wote, na kila mwaka huja malalamiko juu ya walioachwa. Kwa watu wa aina hiyo, buriani ya shabiki mmoja aliyetunza majina ya filamu na wahusika inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu kamili pekee iliyopo.

Marehemu aliyewatendea wengine mabaya usimtakase. Taja lililothibitishwa, kwa lugha ya utulivu, au kaa kimya. Kunyamaza nako kunaruhusiwa.

Picha, sauti na fedha

Tumia picha unayoruhusiwa kuitumia na umtaje mpiga picha. Usiisambaze picha ya hospitalini wala ya jeneza. Zaidi ya yote, usimtengeneze marehemu kwa akili mnemba ili azungumze, acheze au awaage mashabiki. Oktoba 2025 Zelda Williams, binti wa mwigizaji Robin Williams, aliwaomba watu hadharani waache kumtumia video za namna hiyo za baba yake, aliyefariki mwaka 2014. Jones aliridhia akiwa hai kwamba rekodi zake zitumike kuiunda upya sauti ya Darth Vader; bila ridhaa kama hiyo, shabiki hana haki ya kumtia marehemu maneno kinywani.

Wezi nao huzifuata habari za misiba. Kurasa zinazodai kurusha mazishi moja kwa moja na kukuomba namba ya kadi ya benki uziepuke, na ukitaka kuchangia, tumia taasisi iliyotajwa katika tamko la familia, ukiifikia kwa anwani yake rasmi.

Kutazama pamoja

Mashabiki wakikutana kumkumbuka msanii, wasianze na filamu yake ya mwisho, kwa sababu kila kitu ndani yake kitaonekana kama dalili ya kifo. Anzeni na kazi ya ujanani, kisha ya katikati, na ikiwezekana muingize moja ambayo wengi hawajaiona. Mkimaliza, kila mmoja ataje onyesho moja na kueleza alichokiona, na mtu mmoja aandike jina la kazi, mwaka wake na dakika ambamo onyesho hilo linapatikana. Orodha hiyo msiitoe siku ya maombolezo, wakati kila mtu anaandika. Itunzeni muitoe siku ya kumbukizi ya kuzaliwa kwake, ili anayetaka kuanza kumjua ajue pa kuanzia.