Kabla hujalipia programu ya umetaboli, chukua kwanza futi ya fundi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa 27 sasa, na vipimo vya wateja wangu wote naviandika kwenye kauntabuku. Mwaka juzi nilifungua kurasa za zamani nikatafuta vipimo vyangu mwenyewe. Nikiwa na miaka 44: kiuno inchi 33, nyonga 42. Nikiwa na 52, hedhi imeshakata: kiuno 38, nyonga 42 ile ile. Nikapekua wateja wa rika langu, nikakuta wengi wetu hesabu ni hiyo hiyo. Nyonga zimekaa palepale, kiuno kimekwenda.

Laiti ningelifungua daftari hilo mapema! Nilikuwa nimeshatoa shilingi 180,000 kwa programu ya wiki 8 ya "kuamsha umetaboli uliolala", yaani kasi ya mwili kutumia nishati, tukiwa kundi la kina mama kwenye WhatsApp. Wiki ya kwanza nilishuka kilo 3, nikashukuru hadi machozi. Nikaenda kwenye arusi, nikala pilau, na ndani ya siku tatu kilo 2 zikarudi.

Sasa najua kwa nini. Ukikata wali na ugali ghafla, mwili hutumia akiba yake ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikilia karibu gramu 3 za maji. Maji hayo yanatoka kwa mkojo. Ile chai ya usiku nayo ilikuwa na majani ya sanamaki, dawa inayomfanya mtu aharishe. Mizani inashuka, mafuta hayajaguswa.

Na hicho kinachodaiwa kulala, hakijalala. Mwaka 2021 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, kasi ya kutumia nishati haishuki kati ya miaka 20 na 60, awe mwanamke au mwanamume. Baada ya hapo hupungua polepole, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kinachobadilika kwetu ni mahali na mchanganyiko: estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, mafuta yanahamia tumboni na misuli inapungua. Ongeza usiku unaokatizwa na joto la ghafla, na mchana wa uchovu unaotafuta sukari. Daftari langu lilikuwa linasema hivyo miaka yote.

Kwa hiyo, mwenzangu, anza na kujipima. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si pale tunapofungia sketi. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, futi iguse ngozi bila kuibana. Pima asubuhi kabla ya chai, andika na tarehe, rudia kila baada ya wiki 4. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu hivi, na kuwa kubwa zaidi ikivuka 88.

Kisha nenda hospitali na sehemu ya zile fedha ulizotaka kulipia. Omba upimwe presha, sukari, na kama una uchovu mwingi, baridi isiyoeleweka au choo kigumu, uliza kuhusu kipimo cha tezi ya shingo. Beba dawa zako zote. Zipo zinazoongeza uzito, steroidi mojawapo, lakini usiache dawa bila daktari kukuambia.

Ukiwa bado unaitaka programu, muulize muuzaji: amesomea nini? Chai au unga wake una nini ndani, na kimeandikwa wapi? Kuna mazoezi ya kunyanyua uzito? Wiki ya 9 nitakula nini? Anayejibu kwa picha za "kabla na baada" tu, usimlipe. Kulipa si kosa. Mtaalamu wa lishe au mwalimu wa mazoezi anayekusimamia ana thamani yake. Hata mimi kitu kimoja kilinifaa, kuandika kila ninachokula. Ila hicho kinahitaji kalamu.

Ndivyo nilivyogundua chai yangu: vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, karibu gramu 36 za sukari. Nilipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili mpaka ulimi ukazoea. Ugali sasa ni kama ngumi yangu, maharage au dagaa wameongezeka. Jumatano na Jumamosi nanyanyua madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, nakaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, nasukuma ukuta mara 10, mizunguko mitatu. Siku tano natembea dakika 30 kuelekea Raskazone. Baada ya miezi 11 nimepungua kilo 4, na kiuno ni 36.

Lipo jambo moja linaloniuma hadi leo. Mama mmoja kwenye kundi letu, hedhi yake ilikata miaka miwili nyuma, alianza kutoka damu. Aliambiwa ni sumu zinatoka, aendelee na chai. Nilimfuata kwake kesho yake tukaenda hospitali pamoja. Alikutwa na uvimbe ndani ya mji wa mimba, ukaondolewa. Damu ikirudi baada ya miezi 12 bila hedhi, hata matone, usimuulize mwenye programu. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo.