Ukishaiuzia halmashauri mzigo, hela unaidai hivi

Hii ni kwa aliyepata kazi NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali Tanzania, kapewa oda, kapeleka mzigo na sasa kimya. Mambo ya TIN, leseni na kujaza zabuni siyagusi, kama umefika kwenye oda hayo unayajua. Mimi niliuza meza na viti vya sekondari kwa halmashauri moja, jina naliacha, na kilichonitesa haikuwa mfumo wala bei, ni karatasi ya mapokezi iliyokosa saini ya mtu mmoja.

Kwanza jua hela ya serikali inatokaje, itakupunguzia kugombana na watu bure. Katiba ibara ya 136 inasema hela haitoki Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka iwe imeidhinishwa kisheria, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, naye aridhie itoke. Wengi tunamjua CAG wa ripoti ya Machi tu, kumbe yupo hata mlangoni kabla hela haijatoka. Ikishashuka halmashauri mwenye dhamana ni Afisa Masuuli, yaani DED, mkurugenzi wa halmashauri, malipo yakiwa mabovu hoja ya wakaguzi inamkuta yeye, na walio chini yake wote wanalijua hilo ndo maana kila meza unayofika wanataka kiambatisho kingine. Hawakuchukii (wengine labda), wanaogopa hoja. Kwa hiyo kazi yako ni kumpa kila mmoja karatasi itakayomfanya asaini bila wasiwasi, basi.

Kabla hujapakia chochote kwenye gari shika LPO, yaani oda ya maandishi, iliyotoka kwenye mfumo. Ile ya kupigiwa simu "mkuu we leta tu tutamalizana" achana nayo hata kama anayepiga ni mkuu wa idara na mnasali msikiti mmoja, akihamishwa huna cha kumwonyesha mtu. Soma kasma iliyoandikwa, ile namba ya fungu la bajeti, halafu uliza hiyo kasma inalipwa na hela ya kutoka Hazina au ni mapato ya ndani. Bajeti kuwepo sio hela kuwepo. Kama ni mapato ya ndani na halmashauri inaishi kwa ushuru wa mazao, utalipwa watu wakivuna. Jina kwenye LPO, ankara, risiti na akaunti ya benki yawe sawa herufi kwa herufi, "Enterprises" na "Enterprise" kwao ni watu wawili.

Sasa mapokezi, hapa kaa chini usome taratibu.

Mtunza stoo au mwalimu mkuu akisaini delivari noti yako na kugonga mhuri, hapo mzigo umeshuka ila kiserikali haujapokelewa. Kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi ambayo Afisa Masuuli anaiteua kwa barua, hao ndo wanaohesabu, wanapima mbao, wanaangalia kama inafanana na walichoagiza, kisha wanasaini taarifa. Bila hiyo taarifa vocha, yaani hati ya malipo yako, haiandikwi. Kwangu wajumbe wawili walisaini, wa tatu alikuwa safarini, na kabla hajarudi akapata uhamisho wilaya nyingine. Ukidhani mtu atasema basi wawili wanatosha, hapana, likaandikwa dokezo la kuteua mjumbe mpya, dokezo likaenda masijala, likalala, likapanda kwa DED, DED yuko Dodoma, likashuka. Muda wote huo wanafunzi wameshaanza kuchora majina yao kwa bikari kwenye meza ambazo kwenye faili zilikuwa hazijafika.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka mwulize afisa manunuzi, kamati imeshateuliwa? Barua ipo? Ni nani na nani na lini wanaweza kuwa pamoja? Peleka mzigo siku hiyo, sio siku uliyopata gari ya bei nafuu. Wasainie palepale kwenye mzigo, andika majina na vyeo vyao, piga picha taarifa nzima kabla haijaingia kwenye faili maana faili likishaondoka na karatasi zako hutaliona tena.

Jambo la pili ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Wataitaka kwenye vocha kabla ya kukulipa, malipo yasiyo na risiti ya EFD ni hoja ambayo wakaguzi hawachoki kuiandika. Itoe ikiwa na jina na TIN ya halmashauri, sio jina la shule. Kama umesajiliwa VAT ujue TRA haisubiri mpaka halmashauri ikulipe, ritani na hela yao ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na utakuwa unalipa kodi ya hela ambayo hujaishika. Cha kufanya, tenga hiyo VAT mapema, na ukiweza panga mzigo na ankara viende mwanzoni mwa mwezi. Ukikabidhi tarehe 2 una wiki sita na ushee za kujipanga, ukikabidhi tarehe 29 una tatu.

Vocha ikishaandikwa inapita idara, ukaguzi wa awali, mweka hazina, DED, halafu inaingia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na kwenda benki. Usiulize "hela yangu lini", utajibiwa "karibuni". Uliza "vocha yangu iko meza ya nani". Mama wa masijala mwamkie vizuri kila ukienda, faili limelala wapi anajua yeye kuliko bosi wake. Ukiambiwa mfumo uko chini, nenda mlango wa pili uulize tena, wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine uko chini chumba kimoja tu.

Na angalia kalenda. Mwaka wa serikali unaisha 30 Juni, na Juni kila idara inakumbuka kwa pamoja kuwa ina hela ya kutumia, vocha zinapangana mpaka sakafuni. Yako iwe imeingia mwanzoni mwa Mei. Ukivuka Juni hujalipwa, wewe sasa ni deni, na deni linahitaji uhakiki upya na bajeti ya mwaka mpya ina kazi zake zingine tayari. Ikikukuta andika barua kwa DED ukiambatisha LPO, taarifa ya mapokezi na risiti, nakala kwa mkaguzi wa ndani, ile nakala yako wagonge mhuri wa kupokelewa na tarehe. Halafu mfuate mweka hazina uthibitishe umeingizwa kwenye orodha ya wadai wakati wanafunga hesabu, usipokuwemo humo utaambiwa hatudaiwi na wewe wala hatukujui.

Hela ikiingia itakuwa pungufu, usikimbilie kulalamika, wamekata kodi ya zuio, 2% kwa bidhaa na 5% kwa huduma. Dai cheti chake wiki hiyohiyo kwa mhasibu, ndicho kinachokupunguzia kodi ya mapato mwisho wa mwaka, na mtu wa kukupigia simu kukwambia njoo uchukue cheti chako hayupo.