Kompyuta Isiyotambua Hedifoni: Anza na Swichi ya Tunduni

Kompyuta hujua kwamba umechomeka hedifoni kwa kuambiwa na swichi ndogo ya bati iliyo ndani ya tundu. Plagi ya milimita 3.5 hukisukuma kibati hicho, na programu ya sauti huzima spika. Hapa Goma, ambako vumbi jeusi la mawe ya volkeno hupenya popote, nyingi ya mashine ninazoletewa zina swichi iliyokwama, wala kadi ya sauti haijafa, ingawa mwenyewe huwa ameshapiga Windows upya mara mbili.

Hatua ya 1. Tambua swichi inadanganya upande gani. Spika zikinyamaza ilhali tundu ni tupu, swichi imekwama. Zikiendelea kupiga baada ya kuchomeka, plagi haijaifikia.

Hatua ya 2. Jaribu hedifoni hizo kwenye simu. Ukisikia ala za muziki lakini mwimbaji amefifia kana kwamba yuko chumba cha pili, waya wa ardhi, yaani ule unaotumiwa kwa pamoja na masikio yote mawili, haugusi vizuri.

Hatua ya 3. Zima mashine, toa betri kama inatoka, kisha mulika tochi tunduni. Mama mmoja wa mtaa wa Birere aliniletea mashine iliyokuwa bubu kwa wiki kadhaa. Ndani nilikuta ncha ya plagi iliyovunjika, ikimeta kama jicho la samaki. Niliinasa kwa mrija wa kalamu uliopakwa tone dogo sana la gundi, kwa sababu gundi ikizidi, tundu lenyewe hufungwa. Pasipo na ncha, puliza vumbi kwa pampu, weka tone la spiriti safi kwenye plagi, uichomeke na kuichomoa mara kumi, na usiwashe mpaka pakauke.

Hatua ya 4. Sasa ndipo uguse programu. Kwenye Linux, andika alsamixer (programu ya kurekebisha sauti) katika terminali, dirisha la kuandikia amri, chagua kadi kwa F6, fungua kwa herufi M kila mstari ulioandikwa MM (yaani umenyamazishwa), na kama swichi bado inadanganya, weka Auto-Mute Mode, yaani mpangilio wa kuzima spika wenyewe, kwenye Disabled. Kwenye Windows, hakikisha sauti haijabaki HDMI tangu siku ulipounganisha televisheni. Kompyuta ya mezani yenye kasha la zamani, ambalo waya zake za sauti ni za mfumo wa zamani wa AC'97, haiwezi kutambua plagi ya mbele. Zima utambuzi huo katika programu ya sauti ya Realtek.

Swichi iliyovunjika kabisa huhitaji kubadilishiwa tundu kwa kuchomelea risasi; asiye na fundi karibu atumie adapta ya sauti ya USB, ambayo haipiti kwenye tundu hilo.