Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Upelelezi Kuhusu Mauaji ya Matajiri wa Malindi

Kabla hujaandika sura ya kwanza, jua ni nani aliyeuawa, aliuawa saa ngapi na kwa sababu gani, na ni uongo gani uliosemwa baadaye. Msomaji akigundua kwamba mwandishi naye alikuwa akibahatisha, hatamwamini tena.

Sababu ya mauaji haiko mbali. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni anayejenga jumba ufukweni anaweza kushawishika kuandikisha kiwanja kwa jina la mpenzi au rafiki aliye raia, na siku wakikosana, hati iko mkononi mwa mwingine.

Kazi kubwa ni saa ya kifo. Joto la Pwani halipungui sana kuliko joto la mwili, hivyo maiti hupoa polepole, lakini kiyoyozi huvuruga hesabu hiyo. Muuaji akikiwasha usiku kucha, kisha akakizima kabla mpishi hajafika, daktari anaweza kudhani kwamba marehemu alikufa mapema zaidi, wakati ambapo muuaji alikuwa hotelini mbele ya mashahidi. Mpelelezi makini atakwenda kuitazama mita ya umeme.

Bahari nayo ni shahidi, na ningependa waandishi wetu waitumie zaidi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Basi mshukiwa anayedai kwamba alikuwa akiogelea mbele ya jumba lake saa nne ya usiku wa mbalamwezi amekwisha kujifunga, ingawa mpelelezi aliyetoka bara huenda asilitambue hilo. Mpeleke kwa mvuvi:

“Shikamoo, mzee. Jana usiku mlitoka?”

“Marahaba, mwanangu. Tutoke vipi, na saa nne mashua ilikuwa imelala mchangani? Changu unaowaona hapa ni wa juzi, na bado watu wanalalamikia bei.”

Mazungumzo yaendelee kuhusu bei ya samaki, ili msomaji aupite ushahidi huo bila kuushika.

Askari wa lango, mpishi, dobi na mtunza bustani wanajua nani aliingia na nani alilala wapi. Usiwahoji sebuleni mbele ya tajiri wao, kwa sababu mtu ambaye mshahara wake uko hatarini hunyamaza hata kama hana hatia. Mpelelezi awafuate makwao, awape heshima wanayostahili, na kila mmoja awe na jambo lake analolificha, hata kama ni dogo na halihusiani na mauaji. Kuwafanya vivuli vya kufungua milango tu ni dhuluma, na pia kunaidhoofisha hadithi.

Mwishoni, usitegemee muuaji akiri mbele ya wageni waliokusanywa sebuleni. Nchini Kenya kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Malindi, kwa hiyo pima kila ushahidi kwa macho ya wakili hodari wa utetezi. Unaovunjika, rudi nyuma uutafutie shahidi wa pili.