Somo: Kupima kwa panya kama dawa ya mitishamba inapunguza uvimbe

Kabla ya kugusa panya hata mmoja, pata kibali cha kamati ya maadili. Mtaalamu wa mimea athibitishe mmea wenyewe. Kisha andaa dawa kama mganga anavyoiandaa: akichemsha mizizi kwa maji, nawe chemsha kwa maji. Wengi hukimbilia ethanoli (alkoholi), wakaishia kupima dawa ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuinywa.

Pima usumu kwanza, ndipo uchague dozi.

Siku ya jaribio, gawa panya kwa kura, sita kila kundi. Kundi moja linywe maji matupu, lingine indomethasini, dawa ya kulinganishia inayojulikana kupunguza uvimbe, miligramu 10 kwa kilo ya uzito, na matatu yapate dawa yako, tuseme miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Baada ya saa moja, choma mililita 0.1 ya karaginani (kitu cha mwani kinacholeta uvimbe) ya asilimia 1 chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma. Mtafiti Winter na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1962, na bado inatumika.

Sasa tulia. Chora mstari wa wino usiofutika kwenye kifundo cha mguu, uzamishe unyayo kwenye mrija wa kifaa cha kupimia ujazo wa unyayo mpaka mstarini, basi. Ukipitiliza milimita moja, umeandika uvimbe usiokuwepo. Pima kabla ya sindano, halafu kila saa hadi ya tano. Anayepima asijue panya ni wa kundi gani. Hapo silegezi kamba: jicho linaloipenda dawa huona unyayo umenywea.

Maswali ya wanafunzi

— Mwalimu, dawa yangu ilipunguza uvimbe saa ya kwanza, saa ya tatu ikagoma. Imeshindwa?

Usiandike hivyo. Mwanzoni uvimbe huletwa zaidi na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini. Kuanzia saa ya tatu kemikali nyingine, prostaglandini, ndizo zinazotawala, na ndipo indomethasini inapoonekana. Huenda yako inazuia zile za mwanzo, au imeisha mwilini mapema. Rudia ukiwapa dawa karibu zaidi na sindano.

— Je, inatosha kwa baridi yabisi?

Hapana, huu ni uvimbe wa saa chache. Ugonjwa sugu una majaribio yake ya wiki kadhaa.

— Nitumie panya watatu kwa kundi, nipunguze mateso?

Nia yako naiheshimu. Ila wakiwa wachache mno tofauti haitaonekana, na wote watakuwa wameumia bure. Kaa na mtakwimu mkokotoe idadi kabla ya kuomba kibali.