Kupima mkia wa upepo nyuma ya ubao wenye matundu, ufukweni Shela

Mkia wa upepo ni upepo uliovurugika nyuma ya kizuizi, na hapa tunaangalia jinsi matundu ya ubao yanavyoubadilisha. Kusi ikishika, nenda ufuo wa Shela, Lamu, maji yamekupwa, usimame karibu na maji ili vilima vya mchanga vibaki mbali nyuma yako. Upepo wa bahari hapo haujakatwa na nyumba wala mti.

1. Mbao. Kata plaiwudi ya milimita 9, vipande vinne vya sentimita 10 kwa 120. Kimoja kiache kizima. Vingine vitoboe kwa biti ya milimita 10: matundu yakiachana milimita 25 kati kwa kati, uwazi (sehemu ya ubao iliyo matundu) ni asilimia 13 hivi; yakiachana milimita 20, ni asilimia 20; yakiachana milimita 15 kwa safu sita, ni asilimia 31. Hicho cha mwisho kina matundu 480, kwa hiyo chukua biti ya akiba. Laza ubao mkuukuu chini yake unapotoboa, la sivyo plaiwudi itachanika upande wa pili na vinyuzi vyake vitaziba uwazi uliouhesabu.

2. Kusimika. Chimbia boriti mbili, ulaze ubao baina yao mita 1.5 juu ya mchanga, uso ukikabili upepo. Gusa katikati kwa ncha ya kidole. Ukitetemeka, vuta mshipi mwembamba wa kuvulia kutoka hapo hadi kigingi cha upande wa goshi, upepo unakotoka. Bila hivyo utahesabu mtetemo wa ubao ukidhani ni wa upepo.

3. Nyuzi. Upande wa demani, upepo unakoelekea, simamisha waya nyembamba sentimita 10, 20, 30 na 50 kutoka ubaoni, ufunge vipande vya uzi wa cherehani wa poliesta, sentimita 4. Pamba hunywa unyevu wa chumvi na kulala.

4. Kupiga picha. Rekodi kutoka ubavuni, picha 240 kwa sekunde. Mdundo wa kutarajia kwa ubao mzima, yaani mara ambazo nyuzi hupanda na kushuka kwa sekunde: 0.14 mara kasi ya upepo, gawanya kwa upana wa ubao kwa mita, yaani 0.1. Kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde ni mara 7 kwa sekunde. Hesabu sekunde mbili tatu tulivu tu.

Nyuma ya ubao mzima nyuzi hupanda na kushuka kwa zamu, za karibu zikielekea ubaoni. Kwa asilimia 13 mdundo bado upo, ila upepo unaorudi umesogea mbali na ubao. Karibu na asilimia 20 mdundo hufifia. Ian Castro, mtafiti wa mienendo ya hewa, aliyaona mabadiliko hayo hayo Uingereza, katika kazi aliyoichapisha 1971. Kwa asilimia 31, nyuzi hunyooka.

5. Kasi. Anemomita ya vikombe, yaani kipima kasi ya upepo, isiukaribie ubao chini ya sentimita 50. Vikombe huzunguka vilevile upepo ukienda au ukirudi, nayo haitakwambia ni upi.