Kabla ya Kijiko cha Kwanza cha Karanga

Katika nyumba nyingi za Tanzania mtoto huonja karanga bila mtu kupanga, kwa sababu zimo ndani ya uji wa lishe, zimesagwa pamoja na mahindi, ulezi, soya na pengine dagaa. Unga huo una faida zake, lakini mtoto akipata mzio, yaani mwili wake ukikataa chakula, na kutoka mabaka baada ya kuunywa, hakuna atakayejua kilichomdhuru. Kwa hiyo, kabla hata ya kununua karanga, amua kwamba mtoto ataonjeshwa karanga peke yake, siku ambayo hapewi chakula kingine kipya, na uji wa mchanganyiko usubiri.

Kuhusu umri, wakati unaofaa kwa watoto wengi ni pale wanapoanza kulishwa, yaani karibu na miezi 6, wakiwa wamekwisha kuzoea uji laini. Wapo watakaokuonya usubiri hadi miaka 3, na ushauri huo kweli ulitolewa na madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2000, ukaondolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai: miongoni mwa wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili ya mzio wa karanga mwanzoni, asilimia 13.7 ya walioepushwa na karanga walikuwa na mzio wake walipofika miaka 5, lakini kwa waliozila ilikuwa asilimia 1.9 tu.

Itazame pia ngozi ya mtoto. Mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyekwisha kudhurika kwa mayai, aonwe na daktari kwanza, kwani huenda akahitaji kupimwa kabla ya kuonja. Inadhaniwa kwamba mwili unaokutana na karanga kupitia ngozi iliyochubuka hujifunza kuipiga vita, ilhali unaokutana nayo tumboni huizoea. Ndiyo maana anayemenya karanga anawe mikono kabla ya kumpaka mtoto mafuta.

Punje nzima si chakula cha mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa kuwa humpalia, na hata siagi ya karanga ikiwa nzito hunata kooni. Chukua vijiko 2 vya chai vya siagi laini isiyo na sukari, asali wala chumvi, uikoroge na vijiko 2 au 3 vya maji ya moto hadi iwe kama uji mwepesi, kisha uiache ipoe. Ukisaga mwenyewe, chambua karanga kabla ya kuzikaanga na utupe zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimalizwi kwa kukaangwa.

Chagua siku ambayo mtoto hana homa wala mafua, asubuhi au mchana, akiwapo mtu mzima asiye na shughuli nyingine kwa saa 2. Mpe kiasi cha ncha ya kijiko, subiri dakika 10, na akiwa salama umpe kilichobaki polepole. Mabaka machache mdomoni yanatosha kusitisha na kumwona daktari. Akivimba ulimi, akitapika mfululizo, akikohoa na kupumua kwa shida, au akilegea na kupauka, ni dharura inayohitaji sindano ya adrenalini pajani. Piritoni haiwezi kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo siku ya kupima uzito kliniki uliza ni kituo gani cha karibu chenye dawa hiyo, na uwe na namba ya dereva atakayekufikisha.

Hatua inayosahaulika ni kuendelea. Mtoto aliyekula salama apewe tena kiasi hichohicho takriban mara 3 kwa wiki, na baada ya majuma machache ule uji wa lishe uliowekwa kando unaweza kuanza, ukiongeza kila kiambato kwa zamu yake.